Ukocha wa Soka katika Vyuo vya Kilosa na Mikumi

Ukocha wa timu ya soka ya wanaume katika vyuo vidogo vya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, haujawahi kuwa ajira. Anayesimama kando ya uwanja wa chuo cha ualimu Ilonga, wa chuo cha maofisa tabibu mjini Kilosa au wa chuo cha VETA Mikumi ana barua ya ajira ya kazi nyingine: kufundisha hisabati, kusimamia karakana ya magari, kuongoza wanafunzi wodini. Ukocha huanza saa 10 jioni, kazi ya mshahara ikishakwisha, na hufungwa na giza. Ndiyo maana historia ya kazi hii haisomeki vizuri kwa kuhesabu vikombe. Inasomeka kwa kuuliza, katika kila kipindi, nani alikuwa mwajiri wa kocha, lori la kubeba timu lilikuwa la nani, na wachezaji walikaa mikononi mwake muda gani kabla ya kuondoka.

Wilaya imelala chini ya milima ya Rubeho na Ukaguru na kuteremka mashariki hadi mbuga za Mkata. Mji wa Kilosa umekaa kando ya Mto Mkondoa na Reli ya Kati. Mikumi, zaidi ya kilomita 70 kusini, ni mji wa barabara kuu ya Iringa na Zambia, mlangoni mwa hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1964. Njiani kati ya miji hiyo ipo kata iitwayo Ulaya, kwa hiyo mchezaji wa Kilosa anaweza kusajiliwa Ulaya bila pasipoti. Vyuo vya wilaya vimetawanyika kufuata shughuli za zamani za wilaya. Ilonga, kilomita chache kutoka Kilosa mjini, kuna kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanza enzi za Mwingereza, na karibu yake chuo cha kilimo na chuo cha ualimu. Mjini kuna chuo cha afya. Mikumi kuna chuo cha ufundi. Hakuna hata kimoja kilichoanzishwa kwa ajili ya michezo, na vyote vina kiwanja.

Soka liliingia hapa kabla ya vyuo. Reli iliyojengwa na Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Kilosa, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikawa mikononi mwa Waingereza. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalivuta vibarua kutoka pande zote za Tanganyika na hata nje ya mipaka yake. Upande wa milimani, wamisionari wa CMS walikuwa wameshafika Mamboya mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye Berega, wakiwa na shule ambazo gwaride na mpira vilikuwa sehemu ya malezi kama zilivyokuwa shule za kwao. Katika shule hizo mwalimu wa darasa ndiye aliyepanga timu, ndiye aliyepuliza filimbi, na mara nyingi alicheza mwenyewe namba tano. Stesheni na mashambani kazi hiyo ilifanywa na karani au msimamizi anayejua kusoma, kwa sababu barua za kuomba mechi na orodha ya jezi zilihitaji mtu wa kalamu. Hakuna aliyemwita kocha. Alikuwa kiongozi wa timu, na uongozi wake ulidumu kadiri alivyodumu katika kituo hicho cha kazi.

Juu ya timu hizi za stesheni na mashamba kulikuwa na ngazi ndefu ambayo wachezaji wa Kilosa waliiona kwa mbali tu. Chama cha soka cha Tanganyika, FAT, kinahesabu umri wake tangu mwaka 1930. Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda peke yao, liliipokea Tanganyika mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Mchezaji wa wilayani alipanda ngazi hiyo kwa kuhamishwa kazi kwenda Morogoro au Dar es Salaam, na huko ndiko alikoonekana. Mtindo huo wa kuhama kwanza na kuonekana baadaye haujabadilika sana hadi leo.

Alichofundisha kiongozi wa timu wa enzi hizo kilikuwa kidogo na kilikuwa wazi. Timu ilipangwa kwa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano, na baadaye kwa umbo la W na M lililotoka Uingereza. Jezi zilivaliwa kwa nafasi, namba 1 hadi 11, na namba ikawa kazi. Mpaka sasa mkufunzi wa Ilonga akitaka kiungo mkabaji anaita namba sita, akitaka beki wa kulia anaita namba mbili, na mwanachuo anayetoka Rukwa na yule anayetoka Pwani wanaelewa jambo lile lile bila maelezo. Kwa kocha anayepokea wageni kila mwaka, huo ni urithi wenye faida kubwa kuliko ubao wa mbinu.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1967. Azimio la Arusha lilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Elimu ya Kujitegemea ikaagiza shule na vyuo viwe na mashamba na miradi yake. Na Sheria Na. 12 ya mwaka huo ikaanzisha Baraza la Michezo la Taifa. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na vyuo vya ualimu vikapewa mzigo wa kutoa walimu wengi kwa haraka. Hapo ndipo mkufunzi wa michezo alipopata nafasi yake ya kweli. Mwalimu wa shule ya msingi alitakiwa kuwa na uwezo wa kuendesha michezo pamoja na masomo, hivyo elimu ya viungo ikafundishwa chuoni: vipimo vya uwanja, sheria za mchezo, kupasha misuli moto, namna ya kuandaa bonanza la watoto bila vifaa. Mtu aliyefundisha somo hilo asubuhi ndiye aliyekabidhiwa timu jioni.

Matokeo ya kazi yake yalienda mbali kuliko timu yenyewe. Kijana aliyecheza winga Ilonga alipangiwa shule ya kijijini, akafika na cheti, filimbi na mazoezi aliyoyaona chuoni, akawa kocha wa shule, kisha wa tarafa katika mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA. Akitokea mchezaji wa miaka 13 anayejua kupokea mpira kwa paja, hakuna anayemkumbuka mkufunzi aliyeanzisha mnyororo huo. Kwa maana hiyo kocha wa chuo cha ualimu ni mkufunzi wa makocha, na ndiye pekee katika mfumo mzima wa soka la wilaya ambaye kila mwaka hutawanya wanafunzi wake katika wilaya kadhaa kwa wakati mmoja. Vyuo vya afya na ufundi havina sifa hiyo kwa kiwango hicho, ingawa tabibu wa zahanati anayejua kufunga kifundo cha mguu amekuwa hazina ya timu nyingi za vijijini.

Uteuzi wenyewe haukuwa na mashindano. Mkuu wa chuo aliandika barua ya kumteua mkufunzi kuwa mlezi wa michezo, kwa kawaida kijana mpya aliyekuwa bado hajapata familia kubwa, na barua hiyo haikutaja posho. Upande wa wanachuo kulikuwa na waziri wa michezo katika serikali yao, anayetunza ufunguo wa stoo, anayejua nani ana viatu na nani hana, na anayemwambia kocha ukweli kuhusu nani alilala nje ya bweni. Kocha na waziri huyo wakielewana, timu inakwenda. Wasipoelewana, jezi hupotea.

Mazoezi ya siku moja yanaonyesha ufundi wa kazi hii kuliko maelezo ya jumla. Mistari inachorwa kwa majivu ya jikoni chokaa ikikosekana. Koni ni chupa za maji zilizojazwa mchanga. Mipira ya chuo ni michache, na mmoja kati yake huvuja, kwa hiyo pampu ya baiskeli na sindano yake hutunzwa mfukoni mwa kocha, si stoo. Baada ya kukimbia kuzunguka uwanja na kunyoosha viungo, wachezaji huingia kwenye mduara wa pasi, wawili katikati wakiufukuza mpira. Hapo kocha hutazama mguu wa kwanza unaogusa mpira kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu uwanja hautoi nafasi ya kugusa mara ya pili. Udongo mweusi wa mabondeni hupasuka kiangazi na kuurusha mpira upande, na masika hushika daluga mpaka mchezaji aonekane amefungwa mawe miguuni. Mwisho wa mazoezi ni mechi ya vifua wazi dhidi ya wenye fulana. Anayefundishwa hivi hujifunza kuuweka mpira chini mapema au kuupiga mbali bila kusita, na timu za Kilosa zimekuwa na tabia zote mbili kwa zamu, kutegemea mvua.

Adui mkubwa wa kocha wa chuo, hata hivyo, ni kalenda. Kozi ya ualimu ya miaka 2 humpa mchezaji kwa misimu 2, na ukiondoa mitihani, likizo na wiki za mazoezi ya kufundisha ambapo wanachuo husambazwa mashuleni, hubaki msimu mmoja wenye maana. Muhula wa kwanza huishia katika kujua nani ni nani. Wanachuo hufika na sifa walizojipa wenyewe. Yule anayejitangaza kuwa alicheza timu ya mkoa katika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, huenda alikuwa mtunza maji, na yule aliyekaa kimya nyuma ya goli ndiye beki. Kocha mwenye uzoefu hafanyi uteuzi wiki ya kwanza. Huanzisha ligi ya mabweni, huacha watu wacheze bila kuelekezwa, kisha huandika majina. Chuo cha ufundi kina ugumu wa aina nyingine, kwa kuwa kozi zake zinatofautiana urefu na kipa anaweza kumaliza mafunzo katikati ya mashindano.

Mashindano yaliyompa kocha wa Ilonga lengo la mwaka ni ya Umoja wa Michezo na Sanaa wa Vyuo vya Ualimu Tanzania, UMISAVUTA, ambako soka huenda pamoja na netiboli, riadha, wavu, kwaya na ngoma. Utaratibu wa kanda una jambo moja linalouma. Chuo kikifanya vizuri, wachezaji wake bora huchukuliwa kuunda timu ya kanda, na kocha aliyewaandaa huenda asichaguliwe kwenda nao. Mafanikio yake yanaonekana kwenye jezi isiyo ya chuo chake. Mashindano haya pia ndiyo yaliyozalisha kesi za mamluki, yaani mchezaji asiye mwanafunzi anayeingizwa kwa kitambulisho cha mwingine. Kesi hizo huanza kwa fununu na kuishia kwenye rejesta ya darasa, na kocha wa chuo kidogo, ambaye anamjua kila mwanachuo kwa jina na bweni, ana nafasi finyu ya kudai hakujua.

Wakati vyuo vikijenga utaratibu huo, soka la Morogoro lilikuwa linaishi kwa mashirika ya umma. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1975, katika ligi iliyoanza mwaka 1965 na ambayo tangu hapo imetawaliwa na Simba na Yanga. Tumbaku ilibeba jina la kiwanda, Reli ya Morogoro ilibeba jina la shirika, na hiyo ya mwisho ilipewa jina la utani la Kiboko ya Vigogo kwa tabia yake ya kuwasumbua wakubwa wa Dar es Salaam. Mchezaji wa timu hizi aliandikwa kazi kiwandani au relini. Kocha naye aliandikwa kazi. Kwa kijana aliyemaliza chuo Kilosa, treni ilikuwa njia ya mazoezini na pia tumaini la ajira. Katika miaka ya 1960 tawi la reli lililotoka Kilosa kupitia Mikumi lilifika Kidatu, kwenye miwa ya Kilombero, na likaunganisha viwanja vya wilaya nzima kuliko barabara za wakati huo.

Mfano wa juu kabisa wa kocha wa zama hizo ni Joel Bendera, ambaye jina lake lilifika Morogoro kwa njia isiyo ya kawaida. Alikuwa katika benchi la ufundi la timu ya taifa, Taifa Stars, pamoja na Mpolandi Slawomir Wolk, timu ilipofuzu Fainali za Afrika za mwaka 1980 nchini Nigeria. Tiketi ilipatikana Ndola, Agosti 1979, kwa sare ya 1-1 na Zambia iliyookolewa na bao la Peter Tino. Huko Lagos Tanzania ilifungwa 3-1 na Nigeria na 2-1 na Misri, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Bendera hakuishi kwa ukocha. Aliendelea katika utumishi wa umma na siasa, akawa mbunge wa Korogwe Mjini, naibu waziri katika wizara yenye dhamana ya michezo, na kuanzia mwaka 2011 mkuu wa mkoa wa Morogoro, kwa hiyo mkuu wa serikali katika mkoa wenye Kilosa na Mikumi. Alifariki Desemba 2017. Mtu aliyeifikisha nchi Lagos alipata cheo na gari kwa kazi nyingine kabisa, na hilo linaeleza hali ya ukocha nchini kuliko takwimu yoyote.

Nafasi ya kujifunza nje ilikuwepo kwa wachache. Chuo cha michezo cha Leipzig, Ujerumani Mashariki, kilipokea makocha kutoka Afrika tangu miaka ya 1960, na Ujerumani Magharibi nayo ilituma watu wake Afrika. Bert Trautmann, kipa wa zamani wa Manchester City, alifundisha Tanzania katika miaka ya 1970. Elimu hiyo iliishia zaidi Dar es Salaam na kwenye ofisi za maofisa utamaduni wa mikoa. Ilonga iliipata kwa mkono wa pili au wa tatu, kupitia semina za siku chache na madaftari yaliyonakiliwa. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, ndicho kilichowafikia walimu wa kawaida kwa karibu zaidi, na baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa shahada ya elimu ya michezo.

Mashirika yalipoanza kubinafsishwa na wafanyakazi kupunguzwa katika miaka ya 1990, timu zao zilikosa mlezi. Mkonge ulikuwa umeshaporomoka kabla ya hapo, ukisukumwa na kamba za plastiki sokoni, na pamoja nao timu za makambi. Miwa peke yake ilisalimika. Mtibwa Sugar, iliyoanzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Turiani mwaka 1988, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na kuurudia mwaka 2000 chini ya kocha John Simkoko. Klabu hiyo ilifanya jambo ambalo vyuo havikuweza: iliwabakiza wachezaji wake na kuwageuza makocha. Mecky Maxime, nahodha wa zamani wa Taifa Stars aliyecheza katika kikosi cha ubingwa, aliifundisha. Salum Mayanga alipita hapo kabla ya kupewa Taifa Stars Januari 2017, na mwaka huo huo akamaliza wa tatu katika Kombe la COSAFA. Zubeir Katwila, mchezaji mwingine wa zamani wa klabu, aliipa Kombe la Shirikisho mwaka 2018 kwa kuifunga Singida United 3-2 jijini Arusha. Mtibwa ilishuka daraja mwaka 2024 na kurejea Ligi Kuu baada ya msimu mmoja.

Tofauti kati ya Turiani na Ilonga si kipaji. Ni muda. Kiwandani mchezaji anaweza kukaa miaka 10, akaona makocha wanne, akajifunza kwa kulinganisha. Chuoni anaondoka ndani ya miaka 2, na kocha mwenyewe anaweza kupata uhamisho kabla ya mwanachuo kuhitimu.

Muda huo ulikatwa zaidi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, ulihitaji walimu kwa wingi, na mafunzo ya Daraja A yakapangwa kuwa mwaka 1 chuoni na mwaka 1 kazini shuleni. Kwa timu ya chuo ilimaanisha kikosi kipya kila mwaka, bila mkongwe hata mmoja wa kuwaelekeza wageni. Katika kipindi hicho hicho mashindano ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa, na vijana waliofika vyuoni baadaye hawakuwa wamepita ngazi za wilaya na mkoa. Wengi walikuwa wamecheza chandimu tu. Walikuwa wepesi wa mguu, lakini hawakujua kujipanga kwenye kona wala kusubiri mstari wa kuotea. Wakufunzi wa miaka hiyo walilazimika kufundisha vijana wa miaka 20 mambo ambayo UMISSETA ilikuwa ikiwafundisha wakiwa na miaka 15. Hasara hiyo haikuandikwa katika ripoti ya elimu, ila makocha wa vyuo waliihesabu kwa magoli ya kona.

Mwaka 2004 FAT iliondoka na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, likachukua nafasi yake. Taratibu ukocha ukawa kazi ya makaratasi. Kozi za ngazi ya awali, ya kati na ya juu zilipisha leseni za Shirikisho la Afrika, CAF, zinazopanda kutoka D hadi C, B, A na ile ya juu kabisa ya kulipwa. Chama cha makocha, TAFCA, na chama cha soka cha mkoa vikawa milango ya kozi hizo. Kwa mkufunzi wa chuo kidogo mfumo huu ulileta heshima na gharama kwa mkupuo mmoja. Heshima, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliweza kuonyesha karatasi inayosema yeye ni kocha. Gharama, kwa sababu ada, nauli na malazi ya Morogoro au Dar es Salaam hutoka mfukoni mwake, na siku za kozi huombwa kama ruhusa kazini, katikati ya muhula. Wengi huishia ngazi za mwanzo. Zinatosha kwa timu ya chuo na ligi ya wilaya, lakini hazimfikishi kwenye benchi la Ligi Kuu. Kwa hiyo leseni ilipandisha kiwango cha mafunzo na wakati huo huo ikaziba mlango ambao zamani mwalimu mwenye jicho zuri angeweza kuupita kwa sifa ya mdomo.

Kwa kulinganisha, Marekani ndiko kazi hii inakofahamika kama taaluma kamili. Chuo kidogo huko huwa na kocha mkuu wa soka la wanaume mwenye ofisi, bajeti na kazi ya kutafuta wachezaji nchi nzima, hata katika daraja la tatu la vyuo, ambako hairuhusiwi kutoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Jay Martin alifundisha chuo cha Ohio Wesleyan tangu 1977 hadi 2022 na kushinda mechi zaidi ya 700. Rekodi ya namna hiyo inahitaji mambo mawili ambayo Kilosa haina: ratiba ya msimu inayojirudia kila mwaka na mtu wa kuandika matokeo. Mkufunzi wa Tanzania anaweza kuwa ameongoza timu kwa miaka 25 katika vituo vinne, na matokeo yake yakabaki vichwani mwa waliocheza.

Mikumi imeiweka kazi hii katika mazingira yake ya pekee. Mji umekaa juu ya barabara kuu, una madereva, mafundi, wahudumu wa hoteli na wafanyakazi wa hifadhi, na upande wa kusini viko vijiji vya miwa vya Kidodi na Ruhembe vinavyolisha kiwanda cha Kilombero. Fedha za msimu wa mavuno huzaa mashindano ya ndondo, ambako mfadhili huweka mbuzi, jezi au kikombe, na timu hukusanya mchezaji yeyote anayepatikana. Mwanachuo wa ufundi mwenye kasi hutafutwa Jumamosi na kurejeshwa Jumatatu akichechemea. Makocha wa vyuo hugawanyika kuhusu jambo hili. Wapo wanaokataza kabisa. Wapo wanaoona kuwa dakika 90 mbele ya umati unaopiga kelele zinamfundisha kijana kuliko mazoezi ya wiki nzima, na hawa wa pili wana hoja nzuri, ilimradi mchezaji asiwe anategemewa siku inayofuata. Safari za kwenda Morogoro, takriban kilomita 120, hupita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, kwa mwendo uliowekewa kikomo na bila kusimama kiholela, hivyo timu inayorudi usiku hula chakula chake kabla ya kuingia porini.

Kilosa mjini kikwazo kimekuwa maji. Mafuriko ya Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi, wakahamia kwenye mahema, na yakaikata Reli ya Kati kwa miezi kadhaa. Timu zilizozoea treni zikahamia moja kwa moja kwenye mabasi na malori, na hazikurudi. Treni ya mwendokasi, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 na yenye kituo Kilosa, imefupisha safari ya mwanachuo anayeripoti, ila timu ya chuo yenye watu 20, ndoo ya maji na gunia la jezi bado huomba lori la chuo au la halmashauri.

Kazi ya kocha wa chuo huisha kwa njia tatu. Ya kwanza ni uhamisho, ambao humkuta wakati wowote na kumpeleka mkoa mwingine ambako huanza upya. Ya pili ni cheo: mkufunzi akiwa makamu mkuu wa chuo au ofisa elimu, jioni zake huingia vikaoni na filimbi hupewa kijana aliyeajiriwa karibuni. Ya tatu ni kustaafu, kwa hiari akifika miaka 55 au kwa lazima akifika 60, kwa mafao yanayokokotolewa kutokana na mshahara wa ukufunzi. Baada ya hapo wengi hawaachani na mpira. Huwa makamishna wa mechi za wilaya, wakufunzi wa waamuzi, wajumbe wa kamati ya ufundi ya chama cha soka cha wilaya, au huchukua watoto wa mtaa na kuwafundisha bila ada. Chuoni, mkuu wa chuo huandika barua nyingine ya uteuzi.